Kila Mtu Achague Mtu Wake

Nilitoka kwenda kuchukua simu tu. Simu, basi. Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima, na pale Kalundu, kando ya ziwa, wanawake walikuwa wanakusanya ndagala, dagaa walizoanika. Simu niliiacha kwa jirani yetu Basile tangu asubuhi aichaji, kwake kuna umeme wa jua. Bwana yangu Étienne alikuwa amepanda boti ya Kalemie, alisema atapiga jioni. Délice, mtoto wetu wa miezi tisa, alikuwa analala mgongoni. Hakuwa na homa. Nilimgusa. Naapa hakuwa na homa.

Sebule ya Basile, ile saluni yake, ilijaa watu, televisheni inawaka. Filamu ya wazungu wa zamani, kwa Kifaransa. Nyumba kubwa peke yake mashambani, mvua inanyesha, wageni wamealikwa kula, na mzee mwenye nyumba amekutwa ofisini kwake na kisu shingoni. Daraja limebebwa na maji. Hakuna anayetoka. Kwa hiyo muuaji ni mmoja wao.

Mama Generose, wa nyumba ya pili, akanivuta kitenge. "Mama Délice, weye ulisoma. Ikala, utuambie wanasema nini."

Nikakaa.

Sasa, kwetu tangu utotoni, kabla filamu haijapata moto kila mtu anachagua mtu wake, anasema yule ndiye mimi: Ule ni minye. Akishinda, umeshinda. Akikufa, wanakucheka mpaka kesho. Basile alichukua daktari, kwa sababu ya gari yake. Mama Generose akachukua mpishi. "Hata unene tunafanana," akasema, watu wakacheka.

Karibu yangu, kwenye kiti cha pembeni, kulikuwa mwanamke nisiyemjua. Kitenge chake kimelowa mpaka magotini, na siku ile Kalundu haikunyesha. Alinuka tope... tope la chini ya maji, lisiloonaga jua.

"Na weye mama, uko nani?" nikamuuliza kwa heshima.

"Minye ni ule hawajamuonyesha."

Akautazama mgongo wangu. "Na mutoto?"

Kwenye tele, msichana wa gauni jeupe alikuwa anapiga piano. Nikacheka. "Ule ndiye Délice yangu," nikasema.

Yeye hakucheka.

Mpishi alionja divai iliyobaki mezani, akaanguka. Nilikuwa bado natafsiri, Mama Generose akaanza kukohoa. Karanga, watu wakasema, karanga imemkaba. Wakamtoa nje wamemshika mikono, macho yamemtoka.

Halafu daktari akafungua mlango wa stoo, mtu akampiga chuma kichwani. Na Basile akasimama kwenda kuangalia Mama Generose anaendeleaje, na tukasikia...

Puu.

Chuma cha juu ya mlango, kichwani. Mlango wake mwenyewe, alioujenga mwenyewe, anaoinamia kila siku. Damu mpaka kidevuni.

Wote wakamkimbilia. Mimi sikuweza. Msichana wa gauni jeupe alikuwa amechukua mshumaa, anapanda ngazi. Peke yake. Ngazi moja... nyingine...

Na mgongo wangu ukaanza kuchoma.

Nikamshusha Délice. Anawaka. Macho nusu, weupe tu. "Délice. Délice, mama." Pumzi fupi, inapiga filimbi. Nikabonyeza tele, haizimi. Nikabonyeza tena. Nikachomoa waya ukutani.

Picha ikabaki.

Sikumsikia yule mwanamke akisimama. Nilisikia tope, karibu na sikio.

"Ni weye ulimutoa," akanong'ona. "Kwa kinywa yako."

"Nimurudishe namna gani? Mama, nakusihi."

"Nafasi haibakiaga wazi."

Juu ya ngazi mshumaa ukazimika. Mkono ukashika kitasa...

Nikasema kwa nguvu, hata walio nje wasikie: "Ule si Délice. Ule ni minye. Ni minye."

Tele ikazima.

Délice akalia. Jasho jingi, mwili baridi kama maji ya mtungi. Sijawahi kupenda kilio namna ile.

Basile walimshona, sasa anataniwa. Mama Generose anasema ni karanga. Marie-Rose, mdogo wake Étienne, alikuwa ameketi nyuma yangu siku ile. Akaniambia, "Kile kiti kilikuwa wazi, Mama Délice. Tulikuwa tunajiuliza unasema na nani." Filamu yenyewe Basile ameitafuta kwenye vituo vyote, hakuna. Jina lake hakuna anayelijua. Sijui mlango ulifunguka au hapana. Filamu za aina ile, mwishoni wanakusanya wote saluni, wanaelezwa nani aliua na kwa nini. Sisi hakuna aliyetukusanya.

Étienne nilimpigia arudi haraka. Akasema ni mambo ya filamu, nilale. Boti yake inarudi siku ya ine, Alhamisi.

Marie-Rose nimemwonyesha uji wa Délice: unga wa mahindi, soya, sukari kidogo, na usiwe wa moto. Nimemwonyesha upande anaolalia, na namna ya kumsugua kifua akikohoa. Jana akaacha kukoroga, akaniangalia.

"Unasafiri wapi?"

Nikamwambia sisafiri. Nikamwambia anirudilie yote, tangu unga.