Kaka Zenon na Gurudumu la Gatini

Siku ya Marehemu Wote, jua likizama nyuma ya maghorofa ya Chicago, Halina alimsukuma shangazi yake hadi kwenye gati la ziwani kama walivyozoea kila mwaka. Bi Jadwiga alikuwa na miaka tisini. Miguu ilikuwa imemwasi. Ulimi, bado.

"Sukuma, mwanangu. Kiti hiki kina magurudumu, si mizizi."

"Upepo huu, shangazi! Tuwashe mshumaa, turudi."

"Leo napanda lile dude."

Halina alishangaa. Shangazi alilichukia lile gurudumu kubwa la bembea. Siku zote alinung'unika kwamba gati limegeuzwa harusi isiyo na bibi harusi: farasi wa mbao, muziki, bisi za karameli. Yeye alilijua wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, lilipojaa wanamaji, kaka yake Zenon akiwa mmoja wa waliojifunza urubani. Asubuhi moja ndege ya Zenon ilitumbukia ziwani. Nyingine zilizozama humo ziliopolewa miaka ya baadaye. Yake, hapana. Hakuwa na kaburi. Ndiyo maana walimwashia mshumaa hapa.

Wakapanda wawili peke yao, mlango wa kioo ukafungwa. Gurudumu likapanda taratibu, likafika juu kabisa...

Likasimama.

Kwanza ilikuja harufu. Petroli. Kisha tope la ziwa.

Vioo vikaingia ukungu kwa ndani.

Tone... tone... tone...

Halina akatazama juu. Pakavu. Akateremsha macho.

Kwenye benchi la mbele yao alikaa kijana. Maji yalimchuruzika kwenye koti lake la ngozi, midomo imembadilika rangi kwa baridi.

"Jadzia," alinong'ona, akimwita shangazi kwa jina la utotoni. "Mbona umezeeka hivi?"

"Umechelewa, kaka." Sauti ya shangazi ilikuwa ya mtoto mdogo. "Mama alikuwekea chakula mpaka anaingia kaburini."

"Kulikuwa na giza. Sikuiona njia."

Halina akajibana kwenye kioo. Kijana akamgeukia, polepole.

"Na huyu?"

"Binti wa mdogo wetu Stasio. Mwache."

Kijana alimtazama Halina kama mtu anayekariri uso.

"Bado," akasema.

Bi Jadwiga akamnyooshea mkono. Halina akaudaka ule mwingine, akaung'ang'ania.

"Shangazi, usiende! Nitabaki na nani?"

"Niachie, mwanangu. Nimechoka kumngoja."

Mkono ukamchomoka Halina.

Gurudumu lilipofika chini, kijana hakuwepo. Bi Jadwiga alikuwa ameegemea kioo, ametulia, gauni lake limelowa hadi kifuani. Daktari alisema ni moyo, ndivyo wazee wanavyokufa. Kuhusu maji hakusema kitu. Kilichomla Halina rohoni ni kimoja tu: hakujua kama vidole viliteleza, au alimwachia mwenyewe.

Walimzika kando ya mama yake. Wanaume sita walilibeba jeneza, nao wakayumba. Wa nyuma akamnong'oneza mwenzake:

"Bibi mwembamba vile... mbona mzito kama watu wawili?"

Halina alisikia. Akaona maji yakidondoka kwenye pembe ya jeneza, yakinywewa na udongo mkavu. Alilia kwa uchungu, na katikati ya kilio akajikuta anamwomba Mungu wale wawili watosheke, wasije kumfuata na yeye.