Mtego wa Droo ya D

Saa mbili na nusu asubuhi, Jumanne, msahihishaji alisukuma mlango wa chumba cha kadi, akamkuta mhariri mkuu amelala kifudifudi sakafuni. Sanduku la herufi za chuma, za mtambo wa zamani wa chapa, lilikuwa limemwangukia kisogoni. Alimwita "Mzee" mara tatu. Mzee hakuitika. Mwanamke huyo akarudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagonga ukuta, ndipo sauti ilipomtoka.

Ilikuwa ofisi ya kamusi ya Kiingereza na Kiswahili, yenye watu wanne tu: Mzee, msahihishaji, mlinzi wa getini, na mkusanyaji wa mifano, ambaye wenzake walimwita Bwana Mifano. Siku hiyo msahihishaji alichelewa kwa kuwa alimpeleka mama yake kliniki. Alikuwa amemwomba Mzee ruhusa tangu jana yake mchana.

Saa tatu Inspekta alikuwa ameshafika, mtu mfupi, mpole wa sauti, mwenye maswali yasiyoisha.

"Hii rafu iliyo juu ya droo za kadi, lilikotoka sanduku, imejengwa lini?"

"Jana," msahihishaji alijibu. "Aliijenga kaka yangu, fundi seremala. Aliondoka saa tisa alasiri, mlinzi kaandika."

"Nasikia alikuwa na ugomvi na marehemu."

"Mzee alimkaripia kwa vumbi la mbao kwenye kadi zake. Kukaripiwa si ugomvi, afande."

Inspekta akafungua kiganja. Mlikuwa na vijiti vitatu vyembamba, kila kimoja kimechongwa pengo, na kimoja kimefungwa uzi. "Tumeviokota chini ya sanduku. Masalia ya fundi, bila shaka. Sanduku limetegwa, na fundi ndiye aliyeshika rafu hii mara ya mwisho. Kaka yako yuko njiani kuelekea kituoni."

Kaka yule ndiye aliyemlea msahihishaji tangu baba yao afariki; mtu ambaye hata panya akinasa mtegoni humwachia, kisha anasema kakimbia mwenyewe. Leo aitwe muuaji! Msahihishaji aliogopa, aliogopa sana, lakini macho yake yalishazoea kusoma kila kitu mara mbili. Akaviinamia vijiti.

"Hivi vina namba, afande. Hii ni rula iliyopasuliwa. Kaka yangu hupimia utepe." Akakigusa kile chenye uzi. "Na mpango huu wa vijiti nimeusoma humu humu."

"Wapi?"

"Kwenye kadi. Wiki hii tunasahihisha herufi D. Kuna neno moja adimu, *deadfall*. Ni maneno mawili yameungana, la kufa na la kuanguka, na asiyelijua atakisia vibaya. Wanaolitumia hasa ni waandishi wa habari za mawindo. Maana yake ni mtego: mzigo mzito huegemezwa juu ya vijiti vitatu. Mnyama akigusa chambo, vijiti vinafyatuka na mzigo unamshukia. Kadi yake ina mchoro."

Droo ya D ilikuwa wazi nusu, na kipande cha uzi kama ule wa kijiti kikining'inia nyuma ya kishikio. Alizipekua kadi. Kadi haikuwepo. Mahali pake palikuwa na kikaratasi cha kijani.

"Hii ndiyo sheria ya kwanza ya Mzee," alisema. "Kadi haitoki bila kuacha kikaratasi: siku, saa, sahihi." Akasoma. Jumatatu, saa kumi na moja jioni. Sahihi ilikuwa ya Bwana Mifano.

Bwana Mifano aliitwa. Aliingia taratibu, akatoa pole kwa kila mtu, hata kwa askari wa mlangoni.

"Jana uliondoka saa ngapi?" Inspekta aliuliza.

"Saa saba mchana. Nilishinda maktaba mpaka ikafungwa."

"Hukurudi?"

"Nirudi kufanya nini?"

"Mlango wa nyuma una funguo ngapi?"

"Tatu. Ya Mzee, ya dada huyu, na yangu."

Inspekta akaweka kikaratasi cha kijani mezani. Bwana Mifano alikitazama, kisha akautazama mkono wake wa kulia, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Wahenga walisema mazoea yana taabu. Miaka tisa hajachukua kadi bila kuacha kikaratasi, na jioni ile alipokuja kuiba mchoro aliouchora mwenyewe, mkono haukumngoja.

"Mzee alikukosea nini?" msahihishaji aliuliza.

"Mzee? Hakunikosea kitu." Alimgeukia, na macho yale ya upole ndiyo yaliyomtisha kuliko maiti. "Mzee hakuwa na kazi na droo ya D, dada. Kila asubuhi saa mbili unaifungua wewe."

Inspekta alisogea katikati yao.

"Uliandikia maktaba tatu," Bwana Mifano aliendelea. "Ukauliza juu ya vitabu ninavyoandika kuwa nimetoa mifano humo. Vitabu hivyo havipo. Nusu ya mifano ya kamusi hii nimeitunga mwenyewe. Majibu yangekuja, ningeanza vipi kuwatazama watu?"

"Nilikuwa natafuta namba za kurasa tu," msahihishaji alisema kwa sauti ndogo. "Sikukushuku hata kidogo. Na Mzee aliniambia, nenda na mama, kadi za asubuhi nitakutolea mimi."

Bwana Mifano alifumba macho. Askari akamfunga pingu.

Kaka aliachiwa alasiri, akampeleka dada yake nyumbani akiwa amemshika mkono kama enzi za utoto. Mama, ambaye hawakumwambia yote, alikuwa ameshaivisha chakula jikoni.

"Mwanangu, hebu tutolee sahani kabatini."

Msahihishaji alikwenda. Alinyoosha mkono, akakishika kishikio, akakaa hivyo kwa muda. Kisha akauachia mkono ukaanguka.

"Kaka," alisema, machozi yakimtoka, "njoo unifungulie wewe."