Breki Zilizonyamaza

Kila jioni, akishakata majani ya mbuzi na kuchota maji, Loveness aliingia stoo, akachukua kitambaa na kuifuta baiskeli ya baba yake. Hakuna aliyemtuma. Baiskeli ilikuwa safi tangu jana, na vumbi lenyewe lilikuwa limekata tamaa ya kuikalia. Lakini alifuta tu, kwa sababu kiti chake cha ngozi kilikuwa kimebonyea pale baba alipozoea kukaa, na Loveness akiweka kiganja pale alihisi baba yuko uani, karibu kumwita.

Baba yake, Benjamini, hakuwa uani. Alikuwa Zirai, kwenye milima ya upande wa mashariki, akilima iliki katika shamba la mjomba wake. Aliondoka kijijini kwao Gare wakati wa masika na angerudi Krismasi. Watu wazima walisema Zirai si mbali. Labda kwao. Loveness alikuwa na miaka kumi na miwili, na kwake Zirai ilikuwa mbali kwa sababu jioni baba hakuwepo mezani.

Siku ya kuondoka, baba alimwachia sharti na ahadi. Sharti lilikuwa kwamba asiipande baiskeli mpaka yeye arudi, maana barabara ya kushuka hadi mji mdogo wa Soni ina kona kali na makorongo pembeni. Ahadi ilikuwa tamu zaidi. Krismasi baba angeazima baiskeli ya pili, washuke pamoja mpaka Soni, Loveness mbele na yeye nyuma.

"Lakini nikisikia umeipanda, safari ya Soni sahau," alisema baba, na Loveness alijua hasemi kwa mchezo.

Kama angekuwa anaishi mahali pasipo na baiskeli, pengine angeweza kusubiri. Lakini pale alipochota maji, kwenye chemchemi ya kando ya barabara, ndipo wabeba mboga walipopumzika kabla ya kuanza mteremko mkubwa. Walifika na kabichi na karoti zilizofungwa juu ya keria kwa vipande vya mipira chakavu, wakalowesha vichwa, wakanywa chai ya tangawizi ya mama Husna aliyekuwa na jiko lake pale, na maneno yao yote yalikuwa ya baiskeli. Loveness alijaza ndoo yake polepole kwa makusudi.

Aliwasikia wakielekezana kwamba mteremkoni unaanza na breki ya nyuma, ile ya mbele unaigusagusa tu. Kwamba ukiona shimo unainuka kwenye kiti, usikae ukalipokea kwa mgongo. Kwamba cheni ikipiga kelele unaisugua kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, kisha unaidondoshea mafuta kidogo itulie. Na mara nyingine waliacha mafundisho wakasifia raha zao tu, upepo wa asubuhi unaoingia shatini ukishuka, au plamu mbivu unayoila kwa mkono mmoja mahali palipo tambarare. Kijana mmoja, Ismaili, aliyekuwa jirani yao, alisema hakuna mfalme anayejisikia kama yeye akiwa ameshusha mzigo na anarudi na keria tupu. Wenzake walimwambia mfalme gani anayesukuma baiskeli kupanda mlima, wakacheka.

Loveness alirudi nyumbani na ndoo kichwani, moyo ukiwa umebaki barabarani.

Alhamisi moja uvumilivu ulimwisha. Mama yake, Yusta, alikuwa shambani akipalilia. Loveness aliitoa baiskeli, akaisukuma hadi njia tambarare iliyo nyuma ya nyumba, akapanda. Alikuwa anajua kuendesha, baba alimfundisha hapo hapo akiwa ameshika keria. Alizunguka mara kadhaa, akafurahi mpaka machozi yakamlengalenga, kisha akabana breki ili ashuke. Breki zikapiga ukelele uliosikika bonde zima.

Aliirudisha stoo haraka, akaifuta. Jioni, wakiwa jikoni, mama alisema bila kumtazama, akikoroga ugali.

"Leo nimesikia breki zikilia kama zile za baba yako. Nikasimama na jembe mkononi, nikidhani amerudi."

Hapo ndipo pa kusema, na Loveness alijua. Lakini aliiona safari ya Soni ikimponyoka, akanyamaza. Mama akaipua sufuria, wakala.

Kesho yake Loveness hakufikiria namna ya kusema ukweli, alifikiria namna ya kuzuia kelele. Akakumbuka yale ya chemchemini kuhusu cheni na mafuta. Kama mafuta hunyamazisha cheni, aliwaza, kwa nini yasinyamazishe breki? Akachukua mafuta ya alizeti ya mama, akazipaka zile raba zinazobana gurudumu, akaipaka na ringi yote, ule mzunguko wa chuma wa gurudumu, mbele na nyuma. Akapanda tena, akabana. Kimya kabisa. Ila baiskeli haikusimama pale alipotaka. Iliendelea, ikapita mgomba, ikaenda kujisimamia yenyewe kwenye kichuguu. Loveness aliikanyaga ardhi kwa miguu, akajiambia labda alibana kidogo mno. Moyoni hakuamini, lakini aliirudisha stoo.

Jumamosi asubuhi, ukungu ukiwa haujapanda, Ismaili alibisha hodi. Alimwamkia mama Loveness shikamoo, wakaulizana hali za nyumbani kwa Kishambaa, ndipo akaeleza shida yake. Ekseli ya baiskeli yake ilikuwa imekatika, na lori la mboga lilikuwa linapakia Soni asubuhi ile. Aliomba aazimwe baiskeli ya Benjamini, na kwa shukrani angechukua na kabichi za mama Loveness. Mama alikubali mara moja, maana kabichi hazingojei.

Loveness alisimama mlangoni akiwatazama wakifunga mzigo. Ismaili alibonyeza tairi kwa kidole, akaikagua cheni, akasukuma baiskeli hatua mbili na kuibana breki. Kwa mwendo ule wa kobe ilisimama, akaridhika.

"Hii mmeitunza," alisema. "Hata breki hazilii."

Mama alimtazama Loveness kwa kujivunia. "Ni huyu. Anaifuta kila siku kwa kumkumbuka baba yake."

Sifa ile ilimchoma. Ismaili akaaga, akaisukuma baiskeli kupandisha njia kuelekea barabarani, kabichi zikimzidi kimo.

Loveness aliingia stoo. Pale baiskeli ilipozoea kuegemezwa palikuwa patupu, na akauona mteremko wote wa Soni kama vile yeye ndiye anayeushuka. Aliona kona, mzigo ukisukuma kutoka nyuma, na mkono wa Ismaili ukibana breki zisizoshika. Hakuaga. Alitoka mbio akashika njia ya mkato inayopita kwenye migomba, akateleza, akainuka na matope magotini, akakimbia tena huku akiomba Ismaili awe amesimama kunywa chai.

Alimkuta kwa mama Husna, kikombe kimeisha, mguu mmoja tayari umepita juu ya baiskeli.

"Kaka Ismaili, usishuke," alisema, na pumzi zikamwishia. "Breki nimezipaka mafuta. Niliipanda, zikalia, nikaogopa mama atasikia tena."

Ismaili alishuka taratibu. Aliisukuma baiskeli kwa kasi kidogo kwenye mteremko mdogo wa pale, akabana breki zote mbili, na baiskeli pamoja na mzigo wake ikamburuta mpaka mama Husna akasogeza jiko. Wabeba mboga waliokuwepo walisogea kutazama. Ismaili aliiegemeza baiskeli kwenye ukuta wa chemchemi, akaketi juu ya jiwe, akaitazama barabara inayoshuka.

Hakumgombeza. Labda ingekuwa rahisi kama angemgombeza. Aliomba majivu kwa mama Husna, akampa Loveness nusu ya sabuni na kitambaa, wakaanza kusugua ringi pamoja. Mbeba mboga mmoja alizitoa zile raba, akazikwaruza juu ya jiwe mpaka uso mpya ukatokea, akimweleza Loveness kwamba breki hufanya kazi kwa kukwaruzana, na ukiondoa kukwaruzana umeondoa breki. Kelele, alisema, haijaua mtu. Walipozirudisha na kujaribu, zililia vizuri sana, na baiskeli ikasimama papo hapo. Ismaili akapanda, akaanza na breki ya nyuma, akapotea kwenye kona ya kwanza.

Loveness alirudi nyumbani kwa njia ndefu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa na ungo wa maharage mapajani, kisha akamwambia kwamba jioni watampigia simu baba, na atakayeeleza ni Loveness mwenyewe.

Jioni walipanda kilimani, panaposhika mtandao wa simu. Loveness alieleza kila kitu, hata ukelele ambao mama aliudhania ni kurudi kwa baba. Baba aliuliza kwanza kama Ismaili amefika salama. Alipoambiwa amefika na amesharudi, alishusha pumzi, akasema wataongea akija.

Baba alikuja Krismasi, akiwa amekonda kidogo na nguo zikinukia iliki. Loveness alimrukia kabla hajaweka mzigo chini. Lakini baba alikuwa mtu wa neno lake, na safari ya Soni haikuwepo. Badala yake, kila siku baada ya chakula cha mchana waliketi uani, wakafungua breki, wakazisafisha, wakazifunga, mpaka Loveness akaweza kufanya hivyo bila kuelekezwa. Siku moja aliuliza, sauti ikiwa ndogo, kama baba bado amekasirika.

"Nilikasirika siku ile," alisema baba, akiifuta mikono. "Sikiliza, mwanangu. Kuipanda baiskeli lilikuwa kosa lako peke yako, na adhabu yake ingekuwa yako. Ulipolificha, ulilifanya kuwa la Ismaili. Yeye ndiye angelipia, na hakujua lolote. Ukikosa, sema mapema, kosa likiwa bado dogo na bado ni lako."

Loveness aliinamisha kichwa. Baba alimshika bega.

"Ulikimbia ukasema, ukijua utaikosa Soni. Hilo nalo nimelisikia. Pasaka tutashuka."

Mapema Januari baba alirudi Zirai. Loveness alimsindikiza hadi barabarani, begi la baba likiwa limefungwa kwenye keria naye akisukuma. Gari lilipokuja, baba alichukua begi, akapanda. Loveness alibaki amesimama mpaka gari likamezwa na kona, kisha akageuza baiskeli. Alilia njia nzima ya kurudi nyumbani. Alipokutana na Ismaili akamuuliza kulikoni, alimwambia anamlilia baba yake, akaendelea kulia, na hakujaribu kumficha mtu machozi yake.