Ritifaa Iliyogeuka

Land Rover ilikuwa ikila kona za msitu wa miwati kwa hasira, na Tabea Ng'umbi hakugusa breki.

Mbele yake, kwenye ukungu wa asubuhi, Scania nyekundu ilitoka Njombe kukimbilia Makambako na katoni za sindano za malaria. Ndani ya baadhi ya sindano hizo mlikuwa na maji ya chumvi matupu. Tangu biashara iachiwe huru, kila mwenye godauni alikuwa mwagizaji wa dawa, na watu walikuwa wakizikwa.

Redio ya Motorola ilikoroma.

"Twiga, hapa Mlima. Unamwona?"

"Namwona mkia tu, Mzee."

Mlima alikuwa Halfan, mkuu wake katika idara ya upelelezi, aliyekuwa kwenye kizuizi cha barabara Makambako, amesimamisha malori mengine ya dawa. "Lebo zote zinafanana. Nikizuia dawa halali, wagonjwa watakufa. Nipe alama ya feki, au nawaachia wote."

"Na Enoki?"

Halfan hakusita.

"Amri ni ileile. Diski ya herufi za lebo za kiwanda imetoka mezani kwake. Akikimbia, apigwe risasi."

Enoki alikuwa mdogo wa mwisho wa Tabea, mpanga herufi matbaani pale Njombe, mtu asiyeweza hata kuchinja kuku. Alitoweka Jumapili, na dada mtu ndiye aliyetumwa kumsaka. Idara haina haya.

Alikanyaga mafuta, akaipita Scania, akaikatia njia.

Lori lilikwama mtaroni. Alois, mwenye duka la dawa, akashuka akijipangusa koti kama mtu aliyechelewa harusini.

"Fungua katoni yoyote, dada. Hata kiwanda chenyewe hakitajua."

Tabea aliichana moja. Lebo ilikuwa safi, haina kosa. Akasoma mpaka mstari wa chini: *Usitumie dawa iliyopoteza mng'ao.*

Akarudia kuusoma.

Ile ritifaa ya mng'ao, kialama cha juu baada ya g, iliangalia upande usio wake. Mkia ulielekea kulia.

Ni mtoto mmoja tu aliyekuwa akiiandika hivyo. Mwalimu alimchapa kwa hilo, mama akaenda kugomba shuleni: mtoto angalau anaiweka, nyinyi mnatuita Ngumbi.

Enoki alikuwa anamwita.

"Mlima, tazama neno mng'ao. Ritifaa ikigeuka kulia, ni feki. Zuia hizo, achia nyingine."

Alois alielewa. Alichomoa bastola ya Browning, akageukia turubai la lori.

"Mshenzi huyu ameniuza!"

Makarov ya Tabea ililia kwanza. Bastola ya Alois ikaanguka kwenye tope, naye akaiangukia akiwa ameshika bega.

Chini ya turubai alikuwa Enoki, amefungwa kamba, midomo imepasuka kwa baridi.

"Nilijua utaiona, dada."

Alizungumza huku akifunguliwa. Kiwanda kilikuwa kikibadili maumbo ya herufi kila mzigo, lebo zisiigwe. Alois alitaka herufi za zamani zifanane na mpya. "Faili la herufi ni la kuchapia tu, huligusi. Nililigeuza kwa programu ya Fontographer, kila herufi ikawa mchoro wa vinukta, unauvuta utakavyo. Ritifaa nikaivuta kinyume. Nani huitazama?"

Tabea alimkumbatia. Kisha akamwachia.

"Na lebo za mwezi uliopita?"

Enoki aliinamisha kichwa.

"Zile nilizichora vizuri, bila alama. Walisema watakuua wewe."

"Ungeniambia."

"Niliogopa, dada."

Hakumpiga wala hakumtukana. Alitoa pingu, akamfunga taratibu asimbane, huku machozi yakimtoka bila kuyafuta.

Kwenye kizuizi cha Makambako, katoni za feki zilikuwa zimerundikwa kando, na malori ya dawa halali yalikuwa yakiondoka. Halfan alitoa kalamu.

"Jina la mtuhumiwa wa pili?"

"Enoki Ng'umbi."

Halfan aliandika *Ngumbi*.

"Weka ritifaa, Mzee," alisema Tabea. "Iangalie kushoto."

Alisubiri mpaka ikawekwa, akarudisha Makarov kiunoni, akatembea kuifuata Land Rover yake bila kugeuka.