Kipira cha Kamasi na Kamera ya Chama

Kila Ijumaa baada ya kipindi cha mwisho, sisi wa chama cha picha huchukua kamera yetu moja na kuzunguka Kakuma: sokoni, kwenye bomba la maji, uwanjani. Ijumaa hiyo picha zote zilitoka na madoa meusi. Vumbi lilikuwa limeingia hadi kwenye kihisi, yaani kile kioo kidogo ndani ya kamera kinachopokea picha.

Mwalimu mkuu alikunja uso. "Fundi wa Lodwar anataka bei ya mbuzi mzima. Jumatatu kamera itapelekwa shule nyingine. Huku kwenu ni vumbi tupu."

Kwetu! Kama vile yeye vumbi halimpati! Nilichemka. "Mwalimu, tutaisafisha wenyewe."

"Kwa kifaa gani, Nyawal? Kwa mdomo?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikucheka.

Lopeyok, mwenzetu wa chama, alikuja mbio na unyoya wa mbuni alioutoa kwenye kofia ya babu yake. "Laini kuliko pamba, na ni bure!" Mwalimu Amuria, mlezi wa chama chetu, aliupitisha juu ya kioo cha simu yake. Ukaacha mchirizi wa mafuta.

"Rahisi ghali, Lopeyok. Mrudishie babu kabla hajakutafuta na fimbo."

"Basi tutumie nini?" niliuliza kwa hasira.

"Jiulize kwanza: ni nini huondoa vumbi kavu?"

"Upepo," nikasema. "Upepo safi, usio na mate."

Nilijua pa kuupata. Duka la dawa huuza kipira cha kunyonyea kamasi za watoto wachanga; mdogo wangu Lony anakichukia kuliko sindano. Tulichanga, tukanunua kipya. Nilipokibonyeza juu ya kioo cha simu, kilitema unga mweupe. Lopeyok alitaka tuanze hivyo hivyo.

"Thubutu!" nikamwambia. Tulikiosha, tukakikausha, tukakijaribu tena hadi kioo kikabaki safi.

Tulifunga madirisha ya darasa, joto likatukaanga. Mwalimu Amuria aliitoa lenzi, akaishika kamera ikiangalia chini ili vumbi lianguke, nami nikabonyeza kipira bila kuingiza ncha ndani. Tukapiga picha ya ukuta mweupe. Madoa yalikuwa yameondoka, isipokuwa moja pembeni.

Jumatatu mwalimu mkuu aliliona mara moja. "Na hili?"

Lopeyok alinikanyaga mguu ninyamaze. Sikunyamaza. "Limeganda, Mwalimu. Linahitaji kijiti maalumu chenye dawa yake, nasi hatuna. Tukilisugua kwa fulana tutakwaruza kioo, kwa hiyo tumeliacha. Lakini kamera inapiga picha, na hatuitoi!"

Mwalimu mkuu aliitazama picha, akanitazama mimi, kisha akanikabidhi kamera.

"Ejok," akasema kwa Kiturkana, yaani vyema, nimekubali. "Bakini nayo, wabishi nyie."

Tulipiga vigelegele mpaka darasa la pili wakachungulia. Mwalimu Amuria alingoja tumalize.

"Ubishi peke yake usingewasaidia," alisema. "Chagueni kifaa kwa sababu kinaifaa kazi, si kwa sababu ni ghali wala kwa sababu ni cha bure. Na uwezo wa kifaa chenu unapokwisha, semeni ukweli, kama alivyosema Nyawal."