Mume wa Zamani wa Mke Wangu, Kitanda cha Pili

Nilifumbua macho nikamwona mke wangu anamfuta jasho mwanaume mwingine!

Tena kwa kitambaa changu. Kile cha bluu nilichomkabidhi mwenyewe kabla sijaingizwa chumba cha matibabu.

Ndugu zangu, nikadhani ni dawa ya usingizi. Nikafumba macho, nikafumbua tena.

Yuko pale pale! Kitanda cha pili, karibu kabisa na changu. Ameinama, anamnong'oneza kitu.

"Mke wangu..."

Akageuka, kitambaa mkononi.

"Umeamka! Pole, mume wangu. Unajisikiaje?"

"Huyo nani?"

Akakikunja kitambaa mara mbili.

Yule mwanaume akainua kichwa kwenye mto, akanitazama kwa macho mekundu.

"Habari yako, kaka."

Sura ile niliwahi kuiona kwenye picha!

Alikuwa Tarumbeta.

Ngoja niwaeleze mnielewe...

Zamani, kabla hatujajuana, mke wangu alikuwa ameolewa na mpiga tarumbeta wa bendi. Mtanashati, viatu vinang'aa mpaka unajiona sura. Bendi ikapata safari, naye akaondoka nayo. Hakurudi. Akaacha mke na katoto ka kike ambako hata kutembea kalikuwa bado kanayumba.

Mimi ndiye niliyekashika mkono.

Nilimlea. Homa zake nilikesha nazo mimi. Alipofika umri wa kushika usukani nilimfundisha gari mwenyewe, maana kazi yangu ni mwalimu wa udereva. Ananiita Baba. Sina mtoto mwingine.

Halafu juzi juzi Tarumbeta akaibuka. Mvi kichwani, samahani mdomoni. Binti yangu akaanza kwenda kumsalimia.

Nikasema sawa, ni damu yake.

Mdomo ndio uliosema sawa. Humu ndani, jamani, palikuwa panawaka moto!

Sasa mtauliza, mimi hospitali nilifuata nini?

Tezi dume.

Naandika wazi kwa sababu wanaume tunafichana sana. Unasimama kuusubiri mkojo, unakuja kidogo, unakata. Unafunga zipu, hujafika mlangoni unataka tena! Kuna mwanafunzi wangu alivijua vyoo vyote vya vituo vya mafuta kabla hajajua kurudisha gari nyuma.

Binti ndiye aliyenibana.

"Baba, nimempata daktari anayetibu kwa mvuke. Hakuna kupasuliwa."

"Mvuke? Mimi ni shati la kupigwa pasi?"

"Baba! Anapitisha kifaa chembamba kwenye njia ya mkojo, anapuliza mvuke kwenye tezi, ile nyama iliyozidi inanywea taratibu. Unarudi nyumbani siku hiyo hiyo."

Nikakubali. Kumbe kwa daktari huyo huyo, siku hiyo hiyo, na Tarumbeta yumo!

Tukiwa kwenye teksi kurudi nyumbani, mimi nimewekewa mpira wa kutoa mkojo, mfuko wake umefungwa pajani, nikashindwa kujizuia, nikamuuliza mke wangu.

"Ulijua atakuwepo?"

"Nimemkuta kama wewe ulivyomkuta. Alikuwa anatetemeka, hana mtu. Ningemwacha?"

"Si alikuacha wewe!"

"Ndiyo maana sikutaka kufanana naye."

Nikageukia dirishani. Ila wivu ukawa umepanda kiti cha mbele!

Siku za mpira wa mkojo sitawadanganya. Kuna kuwaka, kuna damu kidogo kwenye mfuko, kuna kujihisi umebanwa wakati mkojo unajitokea wenyewe. Daktari alituambia mapema, kwa hiyo sikushtuka.

Kilichoniuma ni kingine. Binti alikuja na chombo cha supu, akanimiminia bakuli moja, akafunika.

"Hiyo nyingine?"

"Nampelekea Mzee."

Mzee ndiye Tarumbeta.

Supu yangu! Sikuimaliza.

Ikafika siku ya kutolewa mpira. Nikaingia pale kliniki, nani yuko kwenye benchi? Viatu vinang'aa!

Binti akaketi katikati yetu. Katikati kabisa, kama mpaka wa nchi.

Tukaitwa mmoja mmoja, mipira ikatolewa. Halafu muuguzi akatusimamia mbele, mikono kiunoni.

"Wazee wangu, kunyweni maji. Kila mmoja akakojoe kwenye jagi lake nione. Atakayeshindwa, namrudishia mpira."

Tukanywa. Mimi namwangalia yeye, yeye anaangalia sakafu.

Akaenda wa kwanza. Mlango wa choo kile ni mwepesi kama karatasi...

Shwaaaaa!

"Hongera, mzee!" muuguzi akasema. Binti akapiga makofi!

Jamani! Mimi, mtu mzima na heshima zangu, nikamwonea mwanaume mwenzangu wivu kwa sababu ya mkojo wake!

Zamu yangu. Nikasimama na jagi. Nikasukuma. Jasho likatoka, mkojo haukutoka. Tone... basi.

Nikatoka.

"Vipi, nirudishe mpira?"

"Nipe nafasi moja, sista. Tafadhali."

Binti akanitazama. Ile huruma machoni mwake ndiyo iliyonimaliza. Nikaona picha nzima: Tarumbeta anaondoka mzima, kijana upya, na mimi nabaki na mfuko wangu pajani.

Nikarudi chooni, nikajifungia.

Ko, ko, ko!

"Nani?"

"Mimi, kaka."

"Nenda zako! Hujatosheka?"

Nikasikia viatu vyake vikisogea. Kisha akasema polepole, mdomo karibu na mlango:

"Kaa chini, usisimame. Fungua bomba la sinki uyasikie maji. Usisukume. Pumua kwa tumbo, taratibu. Mimi nilishawahi kuzibwa kabisa huko nyuma, nikawekewa mpira, ukatolewa nikashindwa. Najua hofu yake."

Sikutaka kumtii. Lakini nilikuwa na njia gani? Nikakaa. Nikafungua bomba.

"Kaka, unanisikia? Haya matibabu niliyakataa muda mrefu. Binti akaniambia, 'Baba yangu amekubali, na wewe Mzee kubali.' Baba yangu..."

Nikasikia ameegemea mlango.

"Mimi ni Mzee tu. Sitalalamika, nilijitakia. Ila nakuonea wivu mpaka nakosa raha. Mimi ndiye niliyemwomba anipangie siku moja na wewe. Alikataa, nikambembeleza. Nilitaka nimwone huyo anayeitwa Baba ni mtu wa namna gani."

Nikaduwaa na jagi langu!

Muda wote nimekaa nikidhani yeye ndiye mwenye bahati... Kumbe na yeye ananionea wivu mimi!

Sijui ni yale maji ya bomba, sijui ni kifua kilicholegea. Ghafla...

"Kaka! Kaka, unatoka!"

"Nausikia! Usiuharakishe, uache uje!"

Akacheka. Halafu nikasikia kicheko kinabadilika, mtu mzima analia kwenye korido ya hospitali. Na mimi huku ndani machozi yananidondoka, jagi linajaa.

Nilipotoka sikumkumbatia, msinielewe vibaya. Nilimpa kile kitambaa cha bluu, ajifute.

Nje, binti akafungua gari. "Baba, kaa mbele."

Tarumbeta akaufuata mlango wa nyuma bila neno. Nikamtazama anavyoinama kuingia...

Nikazunguka, nikaingia nyuma, nikakaa naye.

Binti akatutazama kwenye kioo. Hakuwasha gari haraka.

"Fungeni mikanda, wazee wangu," akasema, sauti imemlegea.

Ndugu zangu, nafuu haikuja siku ile. Ilikuja taratibu, wiki baada ya wiki, mpaka sasa namaliza somo zima la udereva bila kusimama. Mimi si daktari, na tezi za watu hazifanani. Ukiona mkojo unakusumbua, nenda ukapimwe, usikae unajificha kama nilivyojificha mimi.

Na wivu? Bado upo. Juzi binti alimpigia yeye kwanza, nikanuna mpaka jioni.

Ila siku hizi nikinuna, nampigia Tarumbeta simu mwenyewe namwambia. Anacheka, ananiambia hata yeye jana alinuna.