Mpunga wa Amur

Sikilizeni, jamaa zangu, maana haya yalitokea hapa hapa Omani, karibu na Ibra, mwaka wa sabini na tisa, na sote tulikuwa tukitazama.

Asubuhi hiyo Fakhriya alikuwa kakaa chini ya mitende kumi na moja aliyoachiwa na mama yake, akichambua choroko. Maji ya falaji, ule mfereji tunaopokezana zamu kijiji kizima, yakimpitia miguuni. Mara mashine ikaunguruma. Mumewe, Amur, kachimba kisima upande wa juu, yanakotoka maji ya falaji, na kufunga pampu ya dizeli, apande mpunga kama wa Pemba walikohamia kutoka.

"Amur, huo mchanga! Maji hayatuami."

"Yatatuama tu. Mpunga unataka bahari."

Unataka bahari! Bwana huyu kule Pemba hakuwahi kukanyaga tope. Mpunga walilima wanawake. Fakhriya alilima na mama yake tangu mdogo. Amur kazi yake ilikuwa kuletewa sahani.

"Tia udongo wa mfinyanzi, inua kingo," Fakhriya alimwambia. "Ukishalowa, zima mashine. Mpunga si papa, hauogelei."

"Nifundishwe kulima na mke wangu? Watu watanicheka."

Pampu ikanguruma kutwa, siku nenda siku rudi, maji yakididimia mchangani. Mwezi wa pili, maji ya zamu ya Fakhriya yakawa hayavuki mtende wa nne. Jirani yao, Thabit, akaja kakasirika.

"Kisima chako kinainyonya falaji, Amur. Zima!"

"Kila mtu na kisima chake."

Na sisi je? Tukaguna, tukaenda zetu, tukingoja kualikwa wali mpya. Loo, hilo linaniudhi mpaka leo!

Mpunga ulipotoa mashuke, pampu ikakohoa matope, kisha ikatoa upepo mtupu. Mashuke yote yakawa mapepe, maganda matupu. Kufika joto la mwaka wa pili, mitende saba isiyofikiwa na maji ilikuwa imekauka imesimama.

"Tufanye nini, Fakhriya?" Amur akauliza.

"Leo ndiyo unaniuliza?"

Fakhriya akampa shoka aikate, akaingia ndani, kwani hakuweza kutazama mitende ya mama yake ikianguka.

Mafunzo

Maji ya chini ni ya wote, hata kisima kiwe chako. Upe mpunga maji ya kuutosha, basi. Ajuaye kazi msikilize, hata akiwa mkeo. Na ukiona mwenzio anayamaliza maji ya kijiji, usigune ukaenda zako, kama tulivyofanya sisi.